Mayai ya Sungura

Verediana alimwinua mtoto wake Rosa ili amfute pua, na hapo ndipo alipoisikia harufu ya samli. Haikuwa kwenye nguo. Ilikuwa mdomoni mwa mtoto, nzito, harufu ya watu walioshiba, ambayo haikuwahi kupita katika nyumba ile tangu siku ya harusi yake. Akamfungua mdomo kwa kidole gumba, kama mtu anayekagua meno ya mbuzi mnadani. Pembeni mwa ulimi palikuwa na chembe ya manjano.

"Umekula nini?"

Rosa alikuwa na miaka minne na maneno machache. Badala ya kujibu alimtazama baba yake.

Nestori alikuwa amekaa kizingitini akifunga katambuga zake tayari kwenda kazini. "Yai," alisema bila kugeuka. "Nililinunua njiani jana."

"Kwa nani?"

"Kwa mama mmoja aliyetoka Nyakitonto. Mbona unauliza kama polisi?"

Verediana hakuridhika. Mwaka ule wa 1977 hapakuwa na yai la kununua njiani, si Heru Juu wala Nyakitonto. Kuku yeyote aliyetaga, yai lake lilibebwa hadi Kasulu mjini, kwenye ghala la zamani la chama cha ushirika, likaliwe na sungura.

Jambo hilo la sungura kula mayai lilikuwa limewashinda watu. "Nyoka ndiye anayekula yai," walisema wazee. "Huyo anayefugwa mle ndani msimwite sungura." Sungura walikuwa kumi na wawili, na mwenye nao alikuwa Daktari Abbasi, mtu wa Pangani, aliyeletwa na serikali kuchunguza dawa za miti. Wote kumi na wawili walilishwa pumba iliyokandwa kwa samli na viini vya mayai mpaka damu yao ijae mafuta. Kisha sita wa upande wa kulia waliongezewa unga uliotolewa katika majani ya mubirizi, mti mchungu wa huko mlimani. Daktari alitaka kujua kama unga ule utayakata mafuta ya damu, kwa kuwa huko mijini, alisema, watu wameanza kuanguka na kufa kwa sababu ya kushiba. Waliomsikia akisema hivyo walitazamana. Na kila baada ya majuma mawili alivuta damu kwenye masikio ya wale wanyama na kuitia katika vichupa. Basi neno mumiani likapanda mlima likafika Heru Juu kabla ya daktari mwenyewe.

Nyumba ya Verediana ilikuwa imeingia katika shughuli hiyo kwa miguu yote miwili. Nestori ndiye aliyekuwa akichanganya chakula na kuwalisha sungura. Verediana ndiye aliyekuwa akitoa majani. Bibi yake, enzi za wakoloni, alikuwa akimchemshia mtwale, mtawala wa Heru, mubirizi kila baada ya karamu ya nyama, na aliuita dawa ya kukata mafuta. Daktari aliisikia habari hiyo akaja kubisha hodi mwenyewe. Tangu siku ile wanawake kisimani walikuwa wakimpisha Verediana achote kwanza, na haikuwa kwa heshima.

Alimtazama mumewe akishuka mteremko. Kisha akamtazama Rosa. Surua ya masika ilimwacha mtoto na miguu iliyovimba na nywele nyekundu kama ndevu za mahindi, na dispensari waliwaambia wampe maziwa, mayai, na samaki, kama mtu anayemwagiza maskini akachume nyota. Lakini sasa uvimbe ulikuwa umepungua. Majuma matatu, manne, Verediana alikuwa akimshukuru Mungu na kuwasha mshumaa kanisani. Leo alikaa chini akayahesabu majuma yale upya, na hesabu ikaishia muda mfupi baada ya Nestori kuanza kuwalisha sungura.

Siku mbili baadaye alijitwika gunia la majani akashuka mjini. Alikuwa ameyakausha kivulini kwa siku tisa, kwa maana bibi yake alimfundisha kwamba jua huila dawa kabla ya mgonjwa.

Mlangoni pa ghala alikuta kelele. Evaristi, mlinzi, alikuwa amemshika Niyonsaba kifundo cha mkono, na kwa mkono wake mwingine ameinua mayai mawili juu ya kichwa chake kama padri anayeinua hostia. Niyonsaba alikuwa mwanamke wa Kirundi aliyevuka mpaka mwaka wa sabini na mbili. Kazi yake hapo ilikuwa kuosha vizimba na kufua matambara. Mtoto mgongoni mwake alikuwa amelala fofofo katikati ya zogo lote lile.

"Yalikuwa ndani ya kitambaa, Daktari, yamefungwa pamoja na sabuni," Evaristi alisema. "Ukimpa mgeni kigoda, kesho anataka kitanda."

"Acha hayo, Evaristi." Daktari Abbasi alitoka akifuta miwani. Alikuwa mtu mpole, lakini siku ile alikuwa na haraka. "Niyonsaba, umeyatoa wapi?"

Kwa mkono uliobaki mwanamke alimsogeza mtoto mgongoni.

"Nimekuuliza."

"Nimesikia, Bwana Daktari."

"Basi sema."

Niyonsaba aliinua macho, akayapitisha juu ya bega la daktari mpaka ndani, alikosimama Nestori na ufagio. Ilikuwa nukta moja tu. Nestori akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Verediana, na gunia lake bado kichwani, aliliona jicho lile likienda na kurudi mikono mitupu.

"Mayai mawili si kitu," daktari alisema. "Lakini hapa kila kijiko kina hesabu yake. Mtu akichukua hiki leo na kile kesho, kazi yote inakuwa uongo. Nenda nyumbani. Usirudi tena."

Niyonsaba alifungua aproni yake ya gunia la unga, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya jiwe, akaondoka. Hakulia, wala hakuaga.

"Tuyaache hayo," daktari alimwambia Verediana, na uso wake ukabadilika kama wa mtoto mwenye siri. "Tua mzigo, Mama Rosa. Njoo uone kitu kitakachokufurahisha."

Alimpeleka dirishani. Vichupa kumi na viwili vilikuwa vimepangwa juu ya ubao, damu iliyovutwa jana na kuachwa itulie. Chini iliganda nyekundu. Juu yalielea maji yake. Katika vichupa sita vya kushoto, maji yale yalikuwa meupe pe, kama maziwa ya ng'ombe. Katika sita vya kulia yalikuwa angavu, rangi ya chai isiyokolea.

"Weupe huu ni mafuta," daktari alisema. "Sisi tunayaita lehemu. Sungura wote wamekula samli ile ile na viini vile vile, tofauti ni unga wako tu. Ndani ya lile jani kuna kitu kimoja chungu kinachotoa povu kama sabuni. Nadhani kinayashika mafuta tumboni yasipite kwenda damuni. Nilitarajia kipunguze kidogo. Lakini hiki, Mama..." Akakosa neno, akacheka peke yake. "Ripoti yangu inaondoka na basi la Ijumaa. Jina lako litakuwemo. Verediana binti nani?"

"Ildefonce."

Alilisikia jina la marehemu baba yake likikwaruza karatasi. Aliwaona wanawake wa kisimani, mmoja mmoja, wakilisikia jina lile redioni. Furaha ilimpanda, na ili asilie mbele ya mwanamume mgeni, aligeuka akaenda kuwatazama sungura.

Wa kushoto walikuwa wamejaa, matumbo yametandaa, manyoya yana mng'ao wa mafuta. Wa kulia walikuwa wembamba, wepesi, masikio wima. Verediana alikulia kwenye zizi la mbuzi, na mnyama aliyeshiba alimjua hata kwa mlio wa kutafuna. Akachovya kidole katika bakuli la kushoto, kikatoka kinateleza. Akachovya katika la kulia, akakisugua kwa gumba. Kilikuwa kikavu kama vumbi la jiwe la kusagia. Pumba na unga mchungu, basi.

"Unatafuta nini?" daktari aliuliza.

"Natazama tu kama wanamaliza chakula."

Nyuma yake ufagio ulisimama.

Alimngojea mumewe mtoni, pale njia ya Heru Juu inapovuka kwa gogo. Jua lilikuwa bado juu alipotokea, anatembea polepole kama mtu anayejua anakokwenda na hataki kufika.

"Tangu lini?" Verediana aliuliza.

"Nini tangu lini?"

"Nestori, mimi ni mkeo. Usinifanye mjinga."

Nestori alikaa juu ya gogo akaiacha miguu ining'inie. "Wale wa kulia walikuwa hawali," alisema hatimaye. "Unga wako mchungu, ukikandwa na samli hawaugusi. Siku za kwanza nilikuwa nakuta chakula chote kimebaki, mayai na samli vimeingiwa na sisimizi, natupa shimoni. Natupa, Mama Rosa, halafu narudi nyumbani namkuta Rosa miguu imevimba kama mihogo. Nikasema, hawa hawayataki. Nikawapa pumba na unga mtupu. Pumba bila mafuta waliila. Haya mengine nikayaleta nyumbani."

"Kila siku?"

"Kila siku nilimpa kabla hujaamka."

"Na ya Niyonsaba?"

Nestori alitazama maji. "Aliniona siku moja. Hakusema neno, alinitazama tu, na mtoto wake mgongoni anakohoa. Nikampa mawili. Na leo asubuhi mawili."

"Kumbe hukumpa. Ulimnunua mdomo."

"Sijui. Labda vyote viwili."

"Na leo alipokamatwa ulikuwa unafagia."

Neno hilo lilimwingia. Alisimama, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda. "Ungetaka nifanye nini? Niseme, nifukuzwe mimi, wewe na mtoto mle nini? Yeye ni mtu wa kuhamahama, atapata kibarua kwingine. Daktari amefurahi. Wewe jina lako limeandikwa. Rosa anatembea. Niambie nani anaumia."

"Niyonsaba anaumia."

"Na Rosa akirudi kuvimba, yeye haumii?"

Verediana aligeuka akashika njia. Alilitafuta jibu njia nzima hadi nyumbani, na kesho yake akilima aliendelea kulitafuta. Mchana ule balozi wa nyumba kumi, Mzee Sylvesta, alipita shambani kwake akasimama bila kuombwa kukaa. Alimwambia kuwa watu wamefurahi kusikia mwizi wa ghala amepatikana, tena mkimbizi, maana wengine walikwisha kuanza kuwashuku watu wa nyumbani. Alilisema hilo akimtazama Rosa miguuni.

"Mtoto amenawiri," alisema. "Mnampa nini?"

"Maharage," alisema Verediana.

Balozi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeweka kitu mfukoni.

Siku ya Alhamisi Verediana alikwenda kwanza kwenye kibanda cha Niyonsaba pembezoni mwa mji. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba ya mgomba. Jirani akamwambia kuwa amepanda lori kwenda Kibondo, kwa kaka yake Ntirampeba aliyeko Busunzu. "Mtu ukishaitwa mwizi mjini humu nani atakupa nguo zake ufue?" aliongeza, huku naye akimtazama Verediana kwa wasiwasi, asijue ametumwa na nani.

Akaenda ghalani. Nestori alikuwa ametumwa kuchota maji. Daktari alikuwa mezani anaandika.

"Bwana Daktari, karatasi hiyo usiipeleke."

Akamweleza yote, amesimama, mikono nyuma. Hakumficha mumewe wala hakumtetea. Alipomaliza, daktari aliweka kalamu chini, na upole wake wote ulikuwa umeondoka.

"Nani amekutuma?"

"Sijatumwa."

"Mama Rosa, mimi si mtoto. Wapo watu wanaozunguka huku wakinunua majani kwa ajili ya makampuni ya nje. Wamekuja kwako? Wamekuambia useme dawa haifai, wapate wao kuichukua?"

"Sijamwona mtu yeyote."

"Au ni ugomvi wa nyumbani? Mwanamke akikasirikiwa na mumewe husema mengi."

Verediana alihisi uso unamwaka. Alikwenda kwenye vizimba, akachukua bakuli la kulia lenye chakula cha asubuhi, akaliweka juu ya ile ripoti.

"Nusa," alisema.

Daktari alimtazama, akalitazama bakuli. Akanusa. Akaenda mwenyewe kwenye kizimba cha pili, cha tatu, mpaka cha sita, akapiga magoti sakafuni na koti lake jeupe. Kisha akarudi kufungua daftari la uzito. Alipitisha kidole chini ya mstari mmoja na kukaa nacho hapo.

"Wa kulia wamekuwa wakipungua uzito tangu juma la pili," alisema. "Niliona. Unajua niliandika nini? Niliandika kwamba dawa hupunguza unene." Alicheka kicheko kibaya. "Nilikuwa na macho. Sikutaka kuyatumia." Baada ya kitambo akauliza, "Kwa nini umeniambia? Ungenyamaza hakuna ambaye angejua."

"Niyonsaba anajua. Na siku moja mtu mwenye ugonjwa wa kweli atakunywa dawa yangu akidhani anapona."

Daktari akaichukua ripoti, akaichana katikati, kisha akazikunja zile nusu akazitia mfukoni kama mtu anayeona aibu hata mbele ya pipa la taka. Alisema Nestori hatarudi kazini. Hilo Verediana alilitegemea. Alisema ataanza upya na sungura wengine, kama yeye bado atakubali kuleta majani.

"Nitaleta," Verediana alisema, "ila chakula nichanganye mimi, mbele yako. Unga tutaufinyanga vidonge tuwamezeshe kwa nguvu, kama tunavyowapa mbuzi dawa ya minyoo, wasiususie. Na utaandika barua kwamba Niyonsaba si mwizi, uipige mhuri."

"Nitaandika."

"Na mtoto wangu?" Sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyotaka. "Nitavunja mayai hapa kila asubuhi niwape sungura, nirudi nyumbani kwa Rosa na mikono inayonuka?"

Daktari alilifunga daftari la uzito. "Sina fungu la watoto, Mama," alisema mwishowe. "Nina fungu la sungura."

Walitazamana. Nje Evaristi alikuwa akipiga mluzi. Verediana akaukumbuka mlio wa kunguru alioupita nyuma ya ghala, wakigombania kitu kwenye shimo la taka.

"Sungura mnawapa viini," alisema. "Ute mnaupeleka wapi?"

"Ute gani?"

"Ule mweupe wa yai."

"Unamwagwa shimoni. Nina amri, kitu chochote kisitoke humu ndani, watu wasije wakasema..." Akakomea hapo. Kabla ya kupewa sungura, Daktari Abbasi alifanya kazi miaka sita katika wodi ya watoto, na hakuna aliyehitaji kumweleza ute wa yai unamfanyia nini mtoto aliyevimba miguu. Alivua miwani akakaa nayo mkononi. "Mungu anisamehe," alisema. "Kila siku. Kila siku nimekuwa nikiumwaga."

Verediana alisafiri kwenda Busunzu juu ya lori la maharage, barua imefungwa ndani ya kanga kiunoni. Alimkuta Niyonsaba akipalilia muhogo na kaka yake. Ntirampeba alimwona kwanza, akaja mbele na jembe begani, hakulishusha.

"Mwakeye," Verediana alisalimu.

Hakuitikia. "Umekuja na askari?"

"Nimekuja peke yangu."

Niyonsaba alisimama mbali, mkono kiunoni. Alikuwa amekonda. "Mama Rosa, kama ni mayai, sikumtaja mumeo. Mwambie alale. Sitamtaja."

"Nimemtaja mimi." Akaitoa barua. "Daktari anasema urudi kazini. Ameandika hapa."

"Mimi sisomi. Hapo panaweza kuwa pameandikwa nikamatwe nipelekwe kwenye makazi ya wakimbizi."

"Hapakuandikwa hivyo."

"Wewe umeisoma?"

"Nimesomewa."

"Na nani?"

"Na daktari."

Ntirampeba akacheka bila furaha. Verediana akaona kwamba hata yeye, kwa ukweli, hakuwa na hakika na karatasi aliyoibeba njia nzima akiwa juu ya magunia. Akapendekeza waende kwa katibu wa kijiji. Wakaenda watatu, mmoja nyuma ya mwingine. Katibu alikuwa kijana mwenye koti kubwa kuliko mabega yake. Mbele ya ofisi walikuwapo watu wanane hivi wakingojea mambo yao, na walipomwona Niyonsaba wakapeana macho. Habari za mwizi wa Kasulu zilikuwa zimekwisha kufika.

"Soma kwa nguvu," Niyonsaba alisema.

Katibu akasoma. Kwamba Niyonsaba, mfanyakazi, alishutumiwa bila haki. Kwamba mayai yale alipewa. Kwamba yeye, Abbasi, anaomba radhi.

"Neno la mwisho lirudie."

"Anaomba radhi."

Mtu mmoja benchini alikohoa. Niyonsaba aliichukua barua, akautazama mhuri kwa karibu, akaikunja akaitia kifuani. Kisha akamgeukia Verediana.

"Kazini sirudi," alisema. "Mwambie nimeshukuru. Lakini mtu akikufukuza kwa jambo dogo, siku ya jambo kubwa atakufanya nini?" Alimsindikiza mpaka barabarani, wakangoja lori la kurudi, na lilipokuja alimshikia mkono kupanda.

Jaribio la pili lilichukua majuma manane. Verediana alivunja mayai, akatenga viini, akapima samli kwa kijiko mbele ya daktari. Sungura wa kulia aliwafungua midomo mmoja mmoja akawatia kidonge. Ute aliuchemsha kwenye sufuria mlangoni, kweupe, kila mtu aone. Wanawake waliopita walivuta watoto wao upande wa pili wa njia. "Yale ni mayai ya mumiani," walisema, "yananenepesha mtoto ili damu iwe nyingi." Kwa siku ishirini aliyekula alikuwa Rosa peke yake. Siku ya ishirini na moja mkwe wa balozi Sylvesta alileta mtoto wake amefunikwa shuka gubigubi, akatazama kulia na kushoto, akanyoosha bakuli. Baada ya hapo wakaja wengine, kila mmoja akidhani ni yeye tu.

Vichupa vya mara hii havikuleta shangwe. Vya kushoto vilikuwa maziwa kama zamani. Vya kulia vilikuwa na ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele. Daktari alivishika kwenye mwanga mmoja mmoja, muda mrefu, kisha akavipeleka Dar es Salaam vikapimwe kwa mashine. Jibu lilifika Novemba. Alimsomea Verediana mara mbili.

"Lehemu imepungua kwa robo," alisema. "Si muujiza. Wakubwa wanasema inatosha kuendelea mwaka mmoja zaidi. Huenda baadaye wengine wakaona zaidi, huenda wasione." Alimtazama kwa wasiwasi, kama mtu anayeleta zawadi ndogo. "Lakini ni robo ya kweli."

Verediana alimkuta Nestori shambani. Tangu afukuzwe alikuwa amekonda kwa kulima, na vijana wa njiani walimwita Baba Mayai akiwa hata hajawapita. Ndani ya nyumba walikuwa wakizungumza mambo ya chumvi na kuni tu. Usiku alilala ameelekea ukutani.

Verediana alichukua jembe lake akaanza tuta la jirani. Walilima hatua kumi, kumi na tano.

"Jibu limekuja?" Nestori aliuliza ardhi.

"Limekuja."

"Wamesemaje?"

"Robo."

"Robo tu?"

"Robo tu."

Alilima kidogo. "Nisingechukua mayai yale," alisema, "wangekuambia robo tangu mwanzo. Usingepanda lori kwenda Busunzu. Usingechekwa."

Verediana alisimama akaegemea mpini. Miezi mitano alikuwa amelibeba jibu la swali ambalo Nestori alimuuliza mtoni, la Rosa akirudi kuvimba, analigeuza, hajui alitue wapi.

"Usingeyachukua," alisema, "huenda nisingekuwa na mtoto wa kumwambia habari hizo."

Nestori hakuinua kichwa. Jembe lake liliingia ardhini likabaki humo, na mabega yake yakaanza kutikisika, bila sauti. Verediana hakumwendea. Alirudi kwenye tuta lake, akalima polepole, makusudi, ili mumewe akimaliza amkute bado hajamwacha nyuma.